Pareto Haifukuzi Mbu Ikiwa Mlangoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nirekebishe jambo moja lililoandikwa katika gazeti lako wiki mbili zilizopita, katika makala fupi iliyowahimiza wakaaji wa Goma kupanda ua la pareto mbele ya milango yao ili mbu wasiingie ndani. Makala hiyo ilisomwa na watu wengi. Katika avenyu yetu pekee nimehesabu nyumba saba ambazo sasa zina miche ya pareto iliyopandwa katika makopo ya maziwa na kupangwa kizingitini, na katika nyumba mbili kati ya hizo chandarua kimekunjwa na kuwekwa juu ya kabati kwa sababu, kama alivyoniambia mama mmoja, "maua yatatosha." Neno hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia, lakini ua hili nililijua kwa mikono kabla sijalijua kwa vitabu. Mama yangu alichuma pareto katika vilima vya Masisi mnamo miaka ya 1960, katika shamba lililoachwa na mlowezi, kwani Wabelgiji walikuwa wameileta katika nyanda za juu za Kivu tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, wakaona kwamba baridi ya milima na udongo wa volkano vinaifaa. Wasemaji wa Kinyarwanda huku kwetu huiita ibireti, na wazee waliofanya kazi kwa wazungu husema piretre. Mimi natumia jina la pareto kwa sababu ndilo mlilolitumia. Hatukuanza kuchuma kabla umande haujakauka. Mama alinifundisha kukata kichwa cha ua kwa vidole viwili, bila kikonyo, kwa kuwa kikonyo huongeza uzito tu na msimamizi alikuwa akipekua kikapu na kupunguza malipo kila alipokikuta. Jioni vidole vyetu vilikuwa na harufu ambayo hata leo nikiinusa namkumbuka.

Pareto ni ya ukoo mmoja na alizeti, saladi na ile kishona nguo inayotushika suruali njiani. Wataalamu wa mimea huiita Tanacetum cinerariifolium, na asili yake ni pwani ya Dalmatia, mashariki mwa bahari ya Adriatiki. Majani yake ni ya kijani chenye kijivu, yamechanika-chanika kama ya karoti. Mashina yake humfika mtu magotini au kuzidi kidogo. Na ua lake lina petali nyeupe zinazozunguka kitovu cha manjano. Kile tunachokiita ua moja kwa kweli ni maua mengi yaliyokaa pamoja juu ya kitako kimoja, na kila kiuzi cha manjano unachokiona katikati ni ua kamili lenye tunda lake dogo chini, kama vile kichwa cha alizeti kinavyobeba mbegu mamia. Humo katika vijitunda hivyo ndimo mmea huu unamoweka sumu yake. Zaidi ya asilimia 90 ya sumu yote imo humo. Majani na mashina yana kidogo mno kisichofaa kitu. Kwa hiyo mche ambao bado haujatoa ua, kama ile iliyopangwa katika avenyu yetu, ni majani tu.

Hata ukitoa maua, bado hautamlinda aliyelala. Sumu hiyo, inayoitwa pirethrini, ni mchanganyiko wa kemikali sita zinazokaribiana, zenye tabia ya mafuta, nazo hukaa palepale katika vijitunda. Hazipeperuki hewani kwa wingi wa kumzuia mbu anayemfuata mtu kwa pumzi yake na joto la mwili wake. Ili zimdhuru mdudu ni lazima zimguse. Zikimgusa, hushika mishipa yake ya fahamu na kuiacha ikipiga bila kupumzika, naye huanguka katika muda mfupi sana, miguu juu, akitetemeka. Nimewaonyesha wanafunzi wangu jambo hili mara nyingi kwa kutumia nzi, chupa na kijiko cha unga, na hakuna hata mmoja aliyelisahau.

Huenda mwandishi wenu alichanganya mmea na koili ya kufukuza mbu, na ingekuwa kosa linaloeleweka, kwa maana koili ilizaliwa na pareto. Mwaka 1890 Mjapani Ueyama Eiichiro alichanganya unga wa maua haya na wanga, akatengeneza vijiti vya kuchoma. Lakini kijiti kiliisha upesi na mbu wakarudi, ndipo likabuniwa umbo la kuzunguka kama konokono, lililoingia sokoni mwaka 1902 na ambalo huwaka kwa saa nyingi za usiku. Tazameni, basi, mambo yaliyohitajika: maua yachumwe, yakaushwe, yasagwe, kisha moto wa polepole uitoe dawa na kuisambaza chumbani. Maua yaliyosimama katika kopo hayajapitia hata hatua moja kati ya hizo. Tena koili nyingi zinazouzwa madukani kwetu leo hazina pareto kabisa, bali kemikali za kiwandani zilizotengenezwa kwa kuiga pirethrini.

Jambo la pili ambalo makala haikulitaja ni urefu wa mahali. Pareto hutaka baridi ya usiku ili ifanye vichipukizi vya maua, na ndiyo sababu katika Afrika yetu hulimwa kuanzia karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na kuendelea hadi karibu na 3,000. Mji wa Goma uko karibu mita 1,500. Hapa mjini mche utaota, utapendeza, utatoa ua hapa na pale, na maua yenyewe yatakuwa na dawa kidogo. Ukipanda kuelekea Kibumba, ama ukivuka Sake na kupandisha vilima vya Masisi, hapo ndipo kwake. Nasema haya kwa sababu vijana wanaouza miche njiani wanaiuza kwa bei ambayo mtu anaweza kuinunulia maharage ya siku mbili, na baadhi ya miche niliyoiona si pareto hata kidogo bali ni maua mengine meupe ya bustani yanayofanana nayo. Siwalaumu vijana hao. Wanatafuta maisha, na gazeti liliwahakikishia wateja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lingestahili kuandikwa, na ambalo lina uzito kwangu kuliko habari ya mbu. Manufaa ya kwanza ya pareto kwa nyumba zetu yako ghalani.

Kila familia ya Goma inawajua fukusi. Maharage yanashuka kutoka Masisi na Rutshuru yakiwa mazuri, mama anaweka gunia moja akiba kwa ajili ya miezi ya njaa, na baada ya wiki kadhaa anasikia mlio mdogo ndani ya gunia na kuona unga chini yake. Fukusi wa maharage hangoji ghala ndipo aanze kazi: huweka mayai yake shambani, maganda yakiwa yanakauka, kisha vizazi vinafuatana ndani ya gunia mpaka kila punje ina tundu. Kwa hofu hiyo watu hununua sokoni ungaunga wa kuchanganya na maharage. Wengine hununua vile vidonge vinavyotoa gesi, wakavitia katika gunia lililo ndani ya chumba wanamolala watoto, wasijue kwamba gesi ile ile inayomuua fukusi humuua na mtu.

Mwaka juzi jirani yangu alinunua unga wa namna hiyo, umefungwa katika kiplastiki kilichopigwa fundo, bila jina wala maelezo, akauchanganya na maharage ya nyumbani kama alivyoelekezwa na muuzaji. Baada ya siku chache watoto watatu walianza kutapika na kutokwa na mate mfululizo, na nilipoitwa nikawatazama machoni nikaona mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Nilijua maana yake, kwa kuwa dalili hizo nilikuwa nimezifundisha ubaoni kwa miaka mingi: ni sumu kali ya wadudu, ya jamii inayoshambulia mishipa ya fahamu ya binadamu vilevile. Tuliwabeba kwa pikipiki mbili hadi kituo cha afya, na namshukuru Mungu kwamba muuguzi aliyekuwa zamu alitambua upesi na wote watatu wako hai. Mama yao hakufanya uzembe wowote. Alikuwa analinda chakula chao.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni kwa nini watu wanaoishi chini ya milima iliyokuwa myeupe kwa maua ya pareto hununua sumu isiyo na jina. Unga wa pareto humwangusha fukusi mkubwa aliye nje ya punje, na kwa binadamu madhara yake ni madogo, kwa sababu mwili wetu huzivunja pirethrini haraka kuliko mdudu anavyoweza. Pia huisha nguvu wenyewe. Mwanga wa jua huuharibu kwa muda mfupi. Ukiupaka juu ya jani nje, kesho yake hutapata nguvu yenye maana. Watu wa viwandani waliuona huu kuwa udhaifu wa pareto, na baada ya mwaka 1945 wengi waliiacha wakakimbilia DDT, dawa ya wadudu ya kiwandani, kwa sababu hiyo ilidumu miezi. Lakini gizani, ndani ya gunia, udhaifu huo si tatizo kubwa, na kwenye sahani ndio wema wenyewe, kwa kuwa hatutaki dawa inayodumu.

Lazima niseme pia mahali nguvu yake inapokoma, nisije nikafanya kosa lile lile ninalolisahihisha. Unga wa pareto hauingii ndani ya punje. Funza aliyekwisha kutoboa na kukaa ndani hatafikiwa, atakua, atatoka. Kwa hiyo huwekwa mara tu baada ya mavuno, maharage yakiwa yamekaushwa vizuri na kupepetwa, punje zenye matundu zimeondolewa. Ukisubiri hadi uone unga chini ya gunia umechelewa. Kabla ya kupika, maharage yaoshwe kwa maji mara mbili au tatu, na maji hayo yamwagwe shimoni. Yasimwagwe ziwani. Pirethrini huua samaki kwa kiasi kidogo sana, na sisi tunaokula sambaza wa ziwa Kivu hatuna sababu ya kuosha magunia yetu ufukoni pale Kituku. Nyuki nao hufa zikiwagusa, kwa hiyo wanaofuga nyuki wasinyunyize maji ya pareto mchana maua yakiwa yanatembelewa. Na yeyote mwenye pumu au ngozi inayowasha kwa haraka asiusage unga huu yeye mwenyewe, kwa maana vumbi la maua mabichi au makavu huwaletea baadhi ya watu chafya, vipele na kubanwa kifua. Mama yangu alipata vipele mikononi kila msimu na hatukujua chanzo mpaka nilipofika shule ya sekondari.

Kuhusu namna ya kuitayarisha, niseme ninachokijua kwa uhakika. Ua lichumwe lilipokwisha kufunguka, petali zimenyooka ubavuni na viuzi vingi vya manjano vimechanua kutoka ukingoni kuelekea katikati. Likiwa changa mno vijitunda havijajaa, likipitiliza linaanza kupukutika. Maua ya shamba moja hayakomai pamoja, ndiyo maana mchumaji hurudi palepale kila baada ya wiki mbili au tatu katika msimu. Kisha yakaushwe upesi. Hapa ndipo pareto nyingi huharibika. Mwenye kurundika maua mabichi katika gunia usiku mmoja atakuta asubuhi yamepata joto na kuwa na rangi ya kahawia, na nguvu nyingi imekwisha kupotea. Yatandazwe tabaka jembamba juu ya chekeche au mkeka ulioinuliwa, yageuzwe, na kwa kuwa mvua yetu ya milimani haiaminiki, panahitajika chumba chenye moto wa chini, joto la kadiri, lisilofika la kuchemsha maji wala kulikaribia. Kilo nne hivi za maua mabichi hutoa kilo moja ya makavu. Ua lililokauka vizuri hukatika kwa sauti likifinywa, na huwa na pirethrini kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wake. Hapo husagwa, na unga hutiwa katika kopo lisilopitisha mwanga wala hewa. Unga wa nyumbani haukai na nguvu zake mwaka mzima. Afadhali kuhifadhi maua makavu mazima na kusaga kidogo kidogo yanapohitajika.

Wasiopata pareto, na wengi wetu mjini hatutaipata karibuni, wanaweza kuhifadhi maharage makavu katika bidoni la plastiki lililojazwa hadi shingoni na kufungwa barabara. Fukusi aliye ndani humaliza hewa na kufa. Hilo halina gharama ya sumu yoyote.

Narudi kwenye chandarua, maana sitaki barua hii ikatwe kabla ya hapo. Wale mama wawili waliokunja vyandarua vyao wamekunja pareto yenyewe, iliyo bora kuliko ile iliyo kizingitini. Dawa iliyomo katika nyuzi za chandarua ni mtoto wa ua hili. Wanakemia Hermann Staudinger na Leopold Ružička walianza kuchunguza muundo wa pirethrini mwaka 1910 na kuchapisha matokeo mwaka 1924. Wengine wakaendelea, na katika miaka ya 1970 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakatengeneza permethrini na deltamethrini, zinazofanana na pirethrini kwa kazi lakini zinastahimili mwanga. Hizo ndizo zilizowekwa katika vyandarua vilivyogawiwa Afrika nzima. Nchi yetu ya Kongo ni ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria na wanaokufa kwayo. Katika hali hiyo, kumwambia mzazi jambo linalomfanya aondoe chandarua juu ya kitanda cha mtoto ni jambo zito, hata kama halikukusudiwa.

Ni kweli kwamba mbu wa sehemu nyingi wamezoea dawa hizo, na msomaji mmoja anaweza kuniuliza kwa nini basi nasisitiza. Kwanza, kitambaa chenyewe ni ukuta hata kama dawa imepungua. Pili, kuna vyandarua vipya vilivyoongezwa kemikali inayomnyima mbu uwezo wa kuivunja dawa mwilini mwake, na Shirika la Afya Duniani lilivikubali mwaka 2017 kwa maeneo yenye mbu sugu. Wazo hilo nalo lilitoka katika pareto. Karibu mwaka 1940 iligunduliwa kwamba mafuta ya ufuta yakichanganywa na pirethrini, wadudu waliokuwa wakianguka kisha wakaamka hawaamki tena. Wanakemia wakatafuta kilichokuwa ndani ya mafuta hayo, na kutokana na utafutaji huo ikapatikana kemikali inayotumika sasa. Niliwahi kuwaeleza wanafunzi wangu habari hii nikiwa na chupa ya mafuta ya ufuta mkononi, na naona gazeti lako lingewafaa wasomaji zaidi kama lingeieleza hiyo kuliko kuwauzia maua.

Makala yenu ilimalizia kwa kusema kwamba pareto "irudishwe Kivu." Kwa hilo nakubaliana nanyi kwa moyo wote, lakini si kwa njia yoyote ile. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, kiwanda cha Musanze kinaendelea kununua maua ya wakulima wa chini ya volkano, na Tanzania nayo inalima, kwa hiyo soko lipo. Hata hivyo tusisahau kilichotokea kule mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati karibu hekta 10,000 za hifadhi ya Volkano zilipokatwa ili zilimwe pareto. Msitu uliozuia maji na kuwalinda sokwe wa milimani uliondoka, na haujarudi. Upande wetu tuna hifadhi ya Virunga, ya kwanza kuanzishwa Afrika, mwaka 1925, ambayo tayari inaliwa kwa uchomaji wa makaa na kwa mashamba. Mtu atakayekuja na mradi wa pareto aulizwe kwanza ni ardhi ipi, na jibu likiwa ni ya hifadhi, akataliwe. Pareto haihitaji msitu uliofyekwa. Inaweza kukaa katika mipaka ya shamba la viazi vya Kibumba, au juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mche mmoja huzaa kwa miaka mitatu au minne kabla ya kuhitaji kupandwa upya.

Aulizwe pia atalipa lini. Kenya ilianza kulima pareto mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa miongo mingi ikawa ya kwanza duniani. Ilipofika miaka ya 2000 wakulima walikuwa wamekaa muda mrefu mno bila kulipwa fedha za maua yao, wakang'oa miche wakapanda viazi, na leo Tasmania, kisiwa cha Australia, ndiyo inayoongoza kwa kutumia mashine. Mkulima wa pareto hawezi kula mazao yake wala kumuuzia jirani. Asipolipwa na mnunuzi mmoja hana pengine pa kwenda, na kwa hiyo malipo yake yanapaswa kufuata mizani siku ile ile, na ubora upimwe mbele yake, kwa kuwa bei hutegemea kiasi cha pirethrini kilichomo na yeye hana macho ya kukiona. Nakumbuka mama akirudi na kikapu kilichohesabiwa nusu kwa sababu ambazo hakuelezwa. Kama ushirika wa wanawake wa kilima fulani ungekuwa na chumba cha kukaushia, mizani na kinu, wangeweza kuuza sehemu ya maua kwa viwanda na kubakiza sehemu ya kusagia unga wa ghala, uliofungwa katika kopo lenye jina, tarehe na maelezo ya matumizi. Kopo kama hilo likifika soko la Virunga, jirani yangu atakuwa na kitu cha kuchagua.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, mambo mawili. Uchapishe sahihisho katika ukurasa ule ule uliobeba makala, kwa herufi zinazosomeka, ukisema wazi kwamba pareto iliyopandwa mlangoni haizuii mbu na kwamba chandarua kisiondolewe. Na umtume mwandishi wako apande hadi Kibumba azungumze na wazee wanaokumbuka mashamba ya pareto, kabla hawajaondoka, awaulize walikuwa wakikausha vipi wakati wa mvua. Vita vimewahamisha wengi, lakini wapo waliorudi, na wengine wako hapa mjini kwa ndugu zao.

Kuhusu miche iliyokwisha kununuliwa, nimewaambia majirani wangu wasiing'oe kwa hasira. Chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, zinazoshusha maharage na makaa kutoka Kibumba hurudi juu tupu, zikisukumwa, na mwenye chukudu mmoja amekubali kubeba makopo yote ya avenyu yetu siku ya Jumamosi na kumpelekea dada yake mwenye shamba huko. Nimemwandikia kwenye karatasi namna ya kuipanda, nafasi ya hatua ndogo kati ya mche na mche, na siku ya kwanza ya kuchuma.

Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Katindo, Goma